Nani Atapimwa? Utafiti wa Usonji katika Nchi ya Dhahabu

Mwanasayansi huchagua vyombo vyake kwa uangalifu mkubwa. Husawazisha mizani, hufuta vioo vya darubini, na hurudia kipimo kimoja mara tatu ili ajiridhishe. Lakini utafiti unapomhusu mwanadamu, liko jambo linalotangulia vyombo vyote, nalo aghalabu hupewa mistari miwili tu katika taarifa ya mwisho: jinsi watu waliopimwa walivyopatikana. Nani aliombwa? Nani alikubali? Nani alifichwa chumba cha ndani mgeni alipopiga hodi? Majibu ya maswali hayo huamua thamani ya kila tarakimu inayofuata.

Jambo hili lastahili kufikiriwa hasa katika utafiti wa usonji, na hasa katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetumwa huko kutafuta watoto wa kushiriki katika uchunguzi wa ubongo na akili hukabiliwa na mambo ambayo ni vigumu kujifunza katika ukumbi wa mihadhara. Namna atakavyoyakabili ni sehemu ya sayansi yake, wala si kazi ya utarishi inayotangulia sayansi.

Waliopimwa hadi sasa

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza tangu utotoni. Mtoto mwenye usonji huona ugumu katika kuwasiliana na kuhusiana na wenzake; aghalabu hurudia matendo au maneno yale yale, hushikilia mno utaratibu aliouzoea, na huweza kusumbuliwa na sauti, mwanga au mguso ambao wengine hawaujali. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wasemao kwa ufasaha na kufaulu vizuri masomo yao. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1943 kwa kutumia habari za watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna naye aliandika juu ya watoto wanaofanana na hao. Hadi leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo iwezayo peke yake kuthibitisha usonji. Mtaalamu humtazama mtoto, humsikiliza mzazi, na kulinganisha ayaonayo na vigezo vilivyokubaliwa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Makadirio hayo ni ya dunia nzima, na hakuna sababu ya kisayansi ya kudhani kwamba hali hii ni ya mataifa tajiri peke yake. Hata hivyo, mengi yanayojulikana kuhusu ubongo wa watu wenye usonji yametokana na sehemu ndogo ya wanadamu. Mwaka 2012 wanasayansi walitoa hadharani mkusanyo mkubwa wa picha za ubongo uitwao ABIDE. Ulikuwa na picha za watu 539 wenye usonji na 573 wasio na usonji, kutoka vituo 17. Vituo vyote hivyo vilikuwa Marekani na Ulaya. Isitoshe, mashine ya picha za sumaku humtaka mtu alale bila kutikisika, ndani ya mtungi wenye kelele nyingi. Mtoto asiyestahimili kelele, au asiyeelewa maagizo, huachwa nje ya hesabu. Kwa hiyo hata huko kwenye mashine nyingi, walioathirika zaidi ndio waliopimwa kwa uchache zaidi.

Katika Afrika juhudi zimekuwapo, ila ni chache. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika miji ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, akiwatafuta watoto wenye usonji katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili. Aliwapata wachache. Lakini mtoto ambaye hakuwahi kupelekwa katika taasisi yoyote hakuweza kuhesabiwa. Mwaka 2006 zilichapishwa habari za kundi la watoto 20 waliochunguzwa nchini Tanzania, na ikaelezwa kwamba kwa baadhi yao dalili za usonji zilionekana baada ya kuugua malaria kali. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti waliwahoji wazazi na wataalamu, na mwaka 2015 wakachapisha maelezo ya visababishi vilivyotajwa: mapepo, uchawi na laana, pamoja na urithi, matatizo ya uzazi na malaria. Kutoka kituo hicho cha Kilifi, pamoja na Afrika Kusini, ulianza baadaye utafiti mkubwa wa urithi na ukuaji wa ubongo uitwao NeuroDev.

Uchunguzi ule wa mwaka 2006 unafaa sana kuwafundishia wanafunzi maana ya kundi la kulinganishia. Malaria ni ugonjwa ulioenea. Watoto wengi huugua malaria kali katika umri ule ule ambao dalili za usonji huanza kuonekana. Basi mambo mawili yanaweza kufuatana bila la kwanza kulisababisha la pili. Ili kujua ukweli, ni lazima kuwapima pia watoto waliougua malaria kali wasipate usonji, na watoto wenye usonji ambao hawakuugua malaria. Bila makundi hayo, daktari na mzazi hubaki na dhana, hata kama dhana hiyo ni ya busara.

Ubaya wa kuwachagua watu vibaya umekwisha kuonekana duniani. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet la Uingereza makala juu ya watoto 12, iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Makala ilisema watoto hao walifikishwa hospitali mmoja baada ya mwingine kwa njia ya kawaida. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, likisema kwamba dai hilo, pamoja na dai la kuwapo kwa kibali cha maadili, lilikuwa la uongo. Tafiti zilizowahusisha watoto wengi mno hazikuuona uhusiano huo. Lakini katika miaka ile 12 wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuiogopa chanjo. Chanzo cha madhara hayo kilikuwa watoto 12 na namna walivyopatikana.

Nchi ya dhahabu na zebaki

Ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Viktoria una machimbo ya namna mbili. Yapo makubwa, kama Mgodi wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga ulioanza mwaka 2001. Yapo pia machimbo ya wachimbaji wadogo, ambako mawe husagwa kwa karasha, unga ukaoshwa mialoni, na dhahabu ikanaswa kwa zebaki. Baadaye mchanganyiko huo huchomwa motoni, zebaki ikageuka mvuke na kumwacha mchimbaji na dhahabu yake. Mvuke huo huvutwa na anayechoma, na huweza pia kuvutwa na mtoto anayecheza karibu.

Zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu. Dunia iliijua vizuri sura yake moja, yaani zebaki inayoingia katika samaki na kuliwa na watu, kutokana na maafa ya Minamata nchini Japani, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1956. Huko watoto walidhurika wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopewa jina la mji huo, ulikubaliwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, madaktari waliwapima wachimbaji na wakazi wa Rwamagasa, Geita, wakachukua damu, mkojo na nywele, na kuwalinganisha na watu wa Katoro. Hivi karibuni zaidi wajawazito wa maeneo ya machimbo ya kaskazini magharibi mwa Tanzania wamepimwa viwango vya zebaki na aseniki mwilini.

Hapo ndipo penye kishawishi. Mtu anaweza kuunganisha haraka zebaki ya Geita na usonji wa watoto, akaandika kwamba la kwanza limezaa la pili. Sayansi haijathibitisha hivyo. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba zebaki hudhuru ubongo unaokua. Na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumwepusha mtoto nayo. Swali la usonji ni swali jingine, nalo haliwezi kujibiwa na watoto wachache waliookotwa kijiji kimoja kwa sababu kilikuwa karibu na barabara ya lami.

Mlangoni

Msomaji na amfikirie mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayewasili katika kijiji kilicho karibu na machimbo. Mkobani anacho kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na barua za mkoa, wilaya, kata na kijiji. Ana orodha ya maswali, mkasi mdogo wa kukatia nywele, vichupa vya damu na kamera. Kwake yeye hivyo ni vyombo vya kazi. Kwa mama aliyesimama mlangoni, vitu hivyo hivyo vinakumbusha mambo mengine.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 maeneo ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita yakiwamo, yalikumbwa na mauaji na ukatwaji viungo wa watu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta bahati katika machimbo na uvuvi. Watoto wengi walipelekwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, ili walindwe. Katika nchi hiyo hiyo, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kuwa tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Sasa mgeni anasimama uani na kuuliza kama ndani ya nyumba yumo mtoto asiye kama wenzake. Kisha anaomba nywele zake kidogo, na damu yake, na picha yake. Mama anayejibu kwamba hakuna mtoto kama huyo asiitwe mjinga. Ameyapima maneno ya mgeni kwa mambo ambayo yametokea kweli, naye amefikia uamuzi ambao mzazi yeyote angeufikia.

Hatari hiyo humhusu mtafiti pia. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji na gari lao likateketezwa. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Ikiwa udongo uliweza kuleta maafa hayo, mwenye kuomba damu ya mtoto hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kufungua mkoba wake.

Wanaokataa si wengi tu. Ni watu wa namna fulani. Wanaokubali kwa urahisi huwa ni wale waliokwisha kuzoea hospitali, wanaokaa karibu na mji, au wenye mtoto ambaye hali yake si nzito. Mtoto asiyesema, anayepiga kelele usiku, ambaye majirani wamekwisha kumnong'ona, ndiye anayefichwa. Tena wakazi wa machimbo huhama. Ikisikika kwamba dhahabu imeibuka mahali pengine, familia hufunga virago, na mtoto aliyepimwa mwezi Machi haonekani tena Septemba. Jedwali litakalochorwa mwishoni litakuwa safi, lakini litaeleza habari za waliobaki na waliokubali, si za Geita.

Ridhaa na tumaini

Tangu Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, imekubaliwa kwamba mtu asifanyiwe utafiti bila ridhaa yake ya hiari. Kwa mtoto, mzazi huridhia, na mtoto mwenyewe huulizwa kwa kadiri ya uwezo wake wa kuelewa. Kanuni hiyo ni njema, lakini vijijini huweza kuvunjwa huku kila karatasi ikiwa imetiwa sahihi.

Huvunjwa, kwanza, kwa heshima. Mtendaji wa kijiji amemleta mgeni kwa mkono wake, naye amekaa kwenye kigoda akisubiri. Ni mama gani atakayesema hapana mbele yake? Huvunjwa, pili, kwa lugha. Fomu imeandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, na msikilizaji huzungumza Kisukuma. Huitikia kwa kichwa kwa sababu ya adabu, na kitikisiko hicho huandikwa kuwa ridhaa. Huvunjwa, tatu, kwa tumaini. Mzazi aliyekwisha kuwaendea bafumu, na mchungaji, na zahanati, akisikia kwamba daktari wa ubongo ametoka chuo kikuu, huamini kwamba dawa imefika. Mwanafunzi akinyamaza hapo ili apate jina moja zaidi katika orodha yake, amechukua kitu ambacho hakupewa.

Mambo manne

Kwa hiyo inafaa kamati zinazotoa vibali, na walimu wanaowasimamia wanafunzi hao, zidai mambo manne kutoka kwa kila utafiti wa usonji katika ukanda huu.

La kwanza ni kwamba kipimo kiandamane na msaada. Mtoto anayedhaniwa kuwa na usonji apimwe usikivu, kwa kuwa asiyeitika anapoitwa huenda hasikii. Apimwe pia kifafa, ambacho mara nyingi hufuatana na usonji na kina dawa zilizojulikana siku nyingi. Mzazi apewe ushauri, na mwalimu wa shule ya karibu aandikiwe barua ya kueleza namna ya kumfundisha mtoto huyo. Pale panapohitajika, nauli ya kwenda hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, iwemo katika bajeti kama zilivyomo bei za kemikali.

La pili ni kuacha kuchukua kisichohitajika. Utafiti unaouliza jinsi wazazi wanavyoishi na mtoto mwenye usonji hauhitaji nywele. Unaohitaji kupima zebaki uyaeleze mahitaji yake katika mkutano wa hadhara, mbele ya wazee na wanawake. Sampuli ichukuliwe mzazi akiona, na mabaki yateketezwe kwa njia inayojulikana kwa wenyeji. Picha ya sura ya mtoto isichukuliwe kabisa. Na mtendaji, akiisha kumtambulisha mgeni, aondoke kabla swali la ridhaa halijaulizwa.

La tatu ni kuwahesabu waliokataa. Idadi yao, na sababu walizozitoa kwa hiari yao, ichapishwe pamoja na matokeo. Nyumba 40 zilizofunga milango ni habari ya kisayansi sawa na nyumba 40 zilizofungua. Mwanafunzi asiadhibiwe kwa kurudi na watu wachache. Aulizwe aliyojifunza kwa wale ambao hakuwapata.

La nne ni kurudi. Matokeo yapelekwe kijijini, kwa Kiswahili na Kisukuma, hata kama ni machache, hata kama yanasema kwamba swali halijajibiwa. Kijiji kilichoona mtafiti akirudi kitamfungulia mlango mtafiti ajaye.

Wapo wataalamu watakaosema kwamba masharti haya ni mazito mno. Kwamba Serikali haitoi fedha za huduma mpaka ioneshwe idadi, na idadi haipatikani bila utafiti. Hivyo kudai huduma kwanza ni kuzuia yote mawili. Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli kwamba kukaa bila takwimu kumewadhuru watoto wengi kwa kuwafanya wasionekane. Lakini hakuna anayetaka hospitali mpya ijengwe kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Kinachodaiwa ni kipimo cha masikio, vidonge vya kifafa, barua kwa mwalimu na safari moja ya kurudi. Utafiti usioweza kugharimia hayo una uwezekano mdogo pia wa kuwapata watoto wanaofichwa, na kwa hiyo idadi utakayompa Waziri itakuwa ya uongo. Hapa maadili na usahihi havipingani. Mzazi humtoa mtoto chumbani akiona kwamba kutoka kwake kuna faida kwa mtoto.

Nafasi ya shule

Kazi hii haiwezi kuachiwa vyuo vikuu. Mwanafunzi wa sekondari wa Kahama, Katoro au Nyarugusu huenda ana mdogo wake asiyesema, au jirani mwenye mtoto wa namna hiyo. Akijua kwamba usonji hauambukizi, kwamba hautokani na kosa la mama wala na chanjo, na kwamba mtoto mwenye usonji anaweza kufundishwa, amepata elimu ambayo kipeperushi cha mgeni hakiwezi kuifikisha. Katika shule ya msingi ya Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, watoto wenye usonji husoma katika kitengo chao maalumu. Jambo liwezekanalo huko lafaa kufikiriwa Shinyanga pia.

Mwalimu wa Hisabati naye anaweza kuuliza darasani: ukitaka kujua urefu wa wastani wa wanafunzi wa shule, na warefu wote wakakataa kupimwa, utapata jibu gani? Mwalimu wa Biolojia anaweza kueleza safari ya zebaki kutoka mwaloni hadi kwenye ubongo, na kueleza pia yale ambayo bado hayajathibitishwa. Mwalimu wa Uraia anaweza kuwafundisha vijana kwamba mtu ana haki ya kumwuliza mtafiti kibali chake, kuuliza sampuli zitakwenda wapi, na kusema hapana bila ya kupoteza huduma yoyote.

Kijana aliyefundishwa hivyo atakuwa msaada mkubwa kwa sayansi. Baadhi yao watakuja kuwa watafiti wenyewe, watakaokwenda nyumba kwa nyumba wakijua Kisukuma cha bibi zao na wakijua pia kwa nini bibi alifunga mlango. Mpaka siku hiyo ifike, anayetumwa kutafuta watoto wenye usonji katika nchi ya dhahabu na aanze kwa kukaa, kusalimu na kusikiliza, na muda huo uandikwe katika ratiba ya utafiti kama sehemu ya kipimo.